Upatanisho wa Ngeli katika Kiswahili cha Tuwan: Mchango wa Vielelezo vya Tarakilishi

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna vielelezo vya tarakilishi vinavyoweza kutusaidia kufahamu jinsi watu wanavyojifunza lugha, na jinsi kujifunza huko kunavyoibadilisha lugha yenyewe kutoka kizazi hadi kizazi. Ili maelezo yasielee hewani, tutayafungamanisha na mfano mmoja tu, nao ni upatanisho wa ngeli katika Kiswahili kinachozungumzwa Tuwan, mtaa wa watu wa kipato cha chini katika mji wa Kitale, magharibi mwa Kenya.

Anayepita katika mtaa huo husikia sentensi kama hizi:

(i) Kiti hii imevunjika.
(ii) Viti hizi zimevunjika.
(iii) Mti hii imeanguka.
(iv) Maji hii imemwagika.
(v) Mtoto huyu amelala. Watoto hawa wamelala.

Katika Kiswahili sanifu sentensi nne za kwanza zingekuwa: kiti hiki kimevunjika, viti hivi vimevunjika, mti huu umeanguka, maji haya yamemwagika. Sentensi ya tano haina tofauti yoyote na usanifu. Mambo haya si ya Tuwan peke yake. Eldoret, Nakuru na Nairobi nako husikika. Hata hivyo, Tuwan inatufaa kwa sababu watu wa lugha nyingi wamekutana hapo katika eneo dogo, na kwa sababu kaunti jirani ya Bungoma inatupa mahali pa kulinganishia.

Ikumbukwe kwamba viambishi vya nomino zenyewe havijapotea. Msemaji wa Tuwan husema kiti na viti, mti na miti. Kilichopungua ni upatanisho, yaani alama ambazo nomino huvipa vivumishi, vionyeshi na vitenzi vinavyoiandama. Badala ya ngeli nyingi zimebaki njia mbili kuu: A-WA kwa viumbe vyenye uhai, na I-ZI kwa takriban vitu vingine vyote.

2. Maelezo mawili yasiyotosha

Maelezo ya kwanza yanayotolewa mara kwa mara, hasa katika vyumba vya walimu, ni kwamba wasemaji hawa ni wavivu au hawaijali lugha. Maelezo haya hayaelezi kitu. Uvivu hauna utaratibu, ilhali sentensi tulizotaja zina utaratibu ulio wazi. Hakuna asemaye *mtoto hii imelala* kwa sababu ya uvivu, wala hakuna anayechanganya *imevunjika* ya umoja na *zimevunjika* ya wingi.

Maelezo ya pili ni athari ya lugha ya mama. Haya yana uzito zaidi, lakini nayo yanakwama mapema. Wengi wa wakazi wa eneo hili ni Wabukusu, na Kibukusu ni lugha ya Kibantu yenye ngeli kamili. Mtu ni omundu, watu ni babandu. Mti ni kumusala, miti ni kimisala. Kitu ni sisindu, vitu ni bibindu. Kila ngeli huburuta upatanisho wake katika sentensi nzima, kama ilivyo katika Kiswahili sanifu, na idadi ya ngeli hizo haipungui ile ya Kiswahili. Kama lugha ya mama ingekuwa ndiyo sababu, Mbukusu angetarajiwa kuwa mlinzi wa upatanisho wa Kiswahili, si mbomoaji wake.

Wala haiwezi kusemwa kwamba ngeli ni mzigo mzito mno kwa akili ya mtoto. Katherine Demuth, aliyechunguza watoto wanaojifunza Kisotho nchini Lesotho, ameonyesha kwamba kufikia umri wa karibu miaka 3 watoto hao wameshika sehemu kubwa ya mfumo wa ngeli na upatanisho wake. Mtoto akizungukwa na ngeli, huzipata.

Hatusemi kwamba lugha ya mama haina nguvu. Viambishi viwili vinavyosikika sana katika Kiswahili cha bara vinaelekea kutoka katika lugha jirani za Kibantu: -ang- ya mazoea, kama katika *anasomanga*, na ka- ya udogo, kama katika *katoto*. Kibukusu kinayo -ang- kama hiyo. Yaani Kiswahili cha Tuwan kimepoteza baadhi ya alama na papo hapo kimepata nyingine mpya. Hivyo basi swali linazidi kuwa gumu: kwa nini watu wenye ngeli nyingi nyumbani wawe na ngeli chache sokoni?

3. Kielelezo cha tarakilishi ni nini?

Swali la namna hiyo ni vigumu kulijibu kwa kutazama tu, kwa kuwa mabadiliko huchukua vizazi kadhaa na sababu zake husukana. Hapo ndipo kielelezo kinapofaa. Kielelezo ni dunia ndogo ya kubuni ambayo kanuni zake chache zimewekwa wazi na mtafiti. Tarakilishi huzifuata kanuni hizo mara elfu nyingi bila kuchoka, kisha mtafiti hutazama matokeo. Ikiwa kanuni chache zinatoa matokeo yanayofanana na tunayoyaona duniani, tumepata sababu inayowezekana. Ikiwa hazitoi, tumejua kwamba kitu fulani kimekosekana.

Kazi za namna hii katika isimu zilianza kushika kasi baada ya James Hurford kuchapisha kielelezo chake mwaka 1989. Mwaka 2001 Simon Kirby, ambaye kama Hurford alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, alieleza kielelezo cha mnyororo wa wanafunzi. Msemaji wa kwanza hutoa mifano ya lugha. Mwanafunzi husikia sehemu tu ya mifano hiyo, hukisia kanuni, kisha yeye mwenyewe huwa mwalimu wa atakayefuata. Jambo muhimu ni lile neno *sehemu*. Hakuna mtu aliyewahi kusikia sentensi zote za lugha yake. Kila lugha hupita katika tundu jembamba kila inapotoka kwa kizazi kimoja kwenda kingine, na kisichopenya katika tundu hilo hakifiki upande wa pili.

4. Hesabu ya tundu jembamba

Tunaweza kuipima nguvu ya tundu hilo kwa kalamu na karatasi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika kila sentensi 100 zenye upatanisho, sentensi 2 ni za ngeli fulani adimu. Mgeni mjini akisikia na kuzingatia sentensi 20, uwezekano kwamba hatakutana na ngeli hiyo hata mara moja ni asilimia 67. Akizingatia sentensi 50, ni asilimia 36. Akizingatia 100, ni asilimia 13. Akifikia 200, uwezekano huo hushuka hadi asilimia 2 hivi.

Hesabu hii inatufundisha mambo mawili. Kwanza, ngeli adimu hutangulia kupotea, na ngeli zinazosikika kila dakika, kama ile ya watu, hudumu. Pili, tundu halina upana uleule kwa kila mtu. Mtoto anayelelewa katika lugha husikia maelfu kwa maelfu ya sentensi, kwa hiyo tundu lake ni pana. Mtu mzima aliyekuja mjini kutafuta kazi, anayetumia Kiswahili kwa kununua, kuuza na kuamkuana, ana tundu jembamba sana.

Historia ya Kitale inaonyesha jinsi tundu hilo lilivyokuwa. Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya ardhi ya nyanda za juu iliyotengewa walowezi wa Kizungu wakati wa ukoloni. Vibarua walitoka Bungoma na kwingineko, Wabukusu wakafanya kazi pamoja na Wasabaot, Wanandi, Waturkana, Waluo na Wakikuyu. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi yaligawanywa au kununuliwa, na watu wengine zaidi wakahamia. Lugha ya kuunganisha mchanganyiko huu ilikuwa Kiswahili. Lakini ni Kiswahili cha nani? Walioamrisha shambani walitumia kile kilichokuja kuitwa Kisetla, ambacho upatanisho wake ulikuwa haba. Askari waliorudi kutoka jeshini walileta Kikeya. Wasimamizi na wachuuzi wengi nao walikuwa wanafunzi wa lugha hiyo. Mnyororo wa Kitale, kwa hiyo, haukuanza na mzawa wa Lamu au Mombasa. Pete yake ya kwanza ilikuwa imekwisha kupita tunduni.

Hapa ndipo kitendawili cha Mbukusu kinapoanza kufumbuka. Kuwa na ngeli katika lugha ya mama hakumsaidii mtu kuzijua alama za ngeli za lugha nyingine ambazo hakuzisikia. Mbukusu anajua kwamba kumusala una upatanisho wake. Lakini kwamba mti hupatana na *u-*, na wingi wake *i-*, ni habari ambayo lazima aisikie. Shambani na sokoni habari hiyo haikusemwa vya kutosha. Aidha, aliyekuwa akizungumza naye mara nyingi alikuwa Msabaot au Mluo, ambaye lugha yake si ya Kibantu na haina ngeli za namna hiyo.

5. Kwa nini A-WA na I-ZI zilibaki?

Tundu jembamba peke yake lingeweza kuporomosha kila kitu hadi ikabaki alama moja tu. Mbona haikuwa hivyo? Jibu linadokezwa na jaribio lililochapishwa mwaka 2008 na Simon Kirby, Hannah Cornish na Kenny Smith, ambao waliihamisha hoja kutoka kwenye tarakilishi wakaipeleka kwa watu. Waliunda lugha ya kubuni yenye majina ya picha 27, zilizotofautiana kwa umbo, rangi na mwendo. Mtu wa kwanza alijifunza sehemu ya majina hayo, kisha akapimwa kwa picha zote. Majibu yake yakawa somo la mtu wa pili, na kuendelea hadi kizazi cha 10.

Katika jaribio la kwanza maneno yalipungua mno. Lugha ikawa rahisi kujifunza, lakini jina moja lilibeba picha nyingi. Katika jaribio la pili watafiti waliondoa majina yaliyorudiwa kabla ya kuyapitisha kwa mwanafunzi aliyefuata, ili kila jina lililofundishwa liwe la picha moja. Safari hii maneno yalijipanga katika vipande: kipande cha rangi, kipande cha umbo, kipande cha mwendo. Hakuna mshiriki aliyekusudia kuunda mpango huo.

Kutokana na majaribio hayo mawili tunaona kwamba lugha huvutwa na kani mbili. Moja huivuta iwe nyepesi kujifunza. Nyingine huivuta iendelee kutofautisha mambo yanayohitaji kutofautishwa. Upatanisho wa Tuwan umesimama mahali kani hizi zinapokutana. Tofauti ya ngeli ya *mti* na ya *kiti* haimwambii msikilizaji jambo jipya sana, kwa kuwa nomino yenyewe imekwisha kutajwa. Lakini tofauti ya kimoja na vingi, na ya mtu na kitu, hufanya kazi hata nomino isipotajwa. Ukisikia *zimefika*, unajua ni vitu na ni vingi. Ukisikia *wamefika*, unajua ni watu. Zilizobaki ni tofauti hizo mbili hasa.

6. Mtoto na mtu mzima

Inabaki kueleza kwa nini matumizi yaliyokuwa ya kuyumbayumba yakawa kanuni. Carla Hudson Kam na Elissa Newport, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2005, waliwafundisha watu wazima na watoto lugha ndogo ya kubuni ambayo neno fulani la kisarufi lilitokea mara nyingine na mara nyingine likakosekana. Watu wazima waliurudia mchanganyiko huo kwa kadiri walivyousikia. Watoto wengi walielekea kuunyoosha wakaufanya kanuni moja.

Tendo hilo la kunyoosha linaweza kuwekwa katika kielelezo chepesi. Chukua uwiano wa matumizi mawili kama unavyosikika, kisha uzidishe kila upande kwa wenyewe. Tuseme wazazi wanasema *kiti hii* mara 70 na *kiti hiki* mara 30. Upande wa kwanza unakuwa 4900, wa pili 900. Kwa hiyo mtoto atasema *kiti hii* kwa asilimia 84. Watoto wake watasema hivyo kwa asilimia 97, na wajukuu kwa asilimia 99.9. Katika vizazi vitatu, kilichokuwa mazoea ya wengi kimekuwa sarufi ya wote. Tarakimu hizi ni za kubuni, lakini mwendo wake ndio tunaoutaka: watu wazima huyumbisha, watoto husawazisha. Kwa maana hiyo mtoto wa Tuwan hakuharibu kitu. Alichopewa kilikuwa kimechanganyika. Yeye amekifanyia kazi ya mwanasarufi.

Ni vyema hapa kutoa tahadhari. Mwaka 2010 Gary Lupyan na Rick Dale walilinganisha lugha zaidi ya 2,000 wakadai kwamba lugha zenye wasemaji wengi huelekea kuwa na viambishi vichache, huenda kwa sababu ya kujifunzwa na watu wazima wengi. Mwaka 2023 Olena Shcherbakova na wenzake, kwa kutumia hifadhi nyingine ya lugha zaidi ya 1,000 na kuzingatia undugu wa lugha hizo, hawakuliona dai hilo likisimama. Kwa hiyo tusifanye haraka kuigeuza Tuwan kuwa kanuni ya dunia nzima. Tunachosema kinahusu mnyororo huu na historia hii.

7. Shule, Bungoma, na mipaka ya kielelezo

Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za Kenya mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Tuiingize shule katika kielelezo chetu. Tuseme sehemu 1 kati ya 10 ya anayoyasikia mtoto hutoka shuleni na ni sanifu kabisa. Tukianza tena na asilimia 70 za *kiti hii*, vizazi vitatu vitatupa asilimia 74, 80 na 87: mtaa unashinda, ingawa kwa mwendo wa pole. Sasa tuseme fungu la shule ni robo. Tarakimu zinakuwa 55, 33 na 10: usanifu unashinda. Katika kielelezo hiki mtoto hashurutishwi na ukali wa mwalimu hata kidogo. Kinachoamua ni ni upande gani uliozidi nusu masikioni mwake.

Je, ndivyo ilivyo Tuwan? Hapana, na hapo ndipo kielelezo kinapotufaa zaidi, kwa kuwa kimekosea mahali tunapoweza kupaona. Kielelezo kilidhani kwamba mtoto ana sarufi moja, na kwamba kila anachosikia hutiwa katika kapu moja. Lakini mwanafunzi huyohuyo anayeandika *kiti hiki kimevunjika* katika insha husema *kiti hii imevunjika* mara tu anapotoka darasani, na wenzake wangemcheka kama angesema vinginevyo. Ana makapu mawili, na anajua kila moja hufunguliwa wapi. Kielelezo bora lazima kiwe na msemaji anayejua anazungumza na nani.

Kutokana na sahihisho hilo tunaweza kutoa utabiri unaopimika. Katika vijiji vya Bungoma mtoto hulelewa kwa Kibukusu, na sehemu kubwa ya Kiswahili chake huipata shuleni na redioni. Tuwan, katika nyumba ambazo baba na mama hawatoki kabila moja, Kiswahili ndicho lugha ya kwanza ya mtoto, na huja nacho shuleni kikiwa tayari kimeiva. Ikiwa hoja zetu ni sahihi, mtoto wa kijijini Bungoma atakuwa na lafudhi nzito zaidi ya Kibukusu, lakini upatanisho wake utakaribia usanifu kuliko ule wa mwenzake wa Tuwan ambaye Kiswahili ni lugha yake ya kwanza. Matokeo hayo yangewashangaza wanaoamini kwamba mzawa wa lugha ndiye huongea *vizuri* zaidi. Yasipopatikana, basi hoja ya makala haya itabidi irekebishwe.

Kupima utabiri huo kunahitaji rekodi za watoto wakizungumza, si insha za mtihani. Kamil Ud Deen, katika tasnifu yake ya mwaka 2002, alifuatilia usemi wa watoto wachache sana wa Nairobi, na hata idadi hiyo ndogo ilitosha kuibua maswali mapya juu ya viambishi vya vitenzi. Kazi kama hiyo inastahili kufanywa Kitale na Bungoma. Mitambo mikubwa ya lugha ya siku hizi, ambayo husomeshwa mabilioni ya maneno yaliyoandikwa, haiwezi kuchukua nafasi yake: imelishwa maandishi, nayo *kiti hii* huandikwa kwa nadra.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba upungufu wa upatanisho katika Kiswahili cha Tuwan hautokani na uvivu, wala hauelezwi na lugha ya mama peke yake. Ulianzia kwa watu wazima waliosikia kidogo kutoka kwa walimu ambao nao walikuwa wamesikia kidogo. Haja ya kuelewana ikahifadhi tofauti za umoja na wingi, na za uhai na kutokuwa na uhai. Kisha watoto wakaunyoosha mchanganyiko ukawa sarufi.

Jambo hili lina uzito kwa mwalimu anayeshika kalamu nyekundu. Mtoto aliyeandika *viti hizi zimevunjika* hakukosa sarufi. Ameandika kwa sarufi ya nyumbani mahali palipotakiwa ile ya shule. Akiambiwa kwamba hajui Kiswahili, ataambiwa uongo kuhusu lugha ambayo pengine ndiyo pekee aliyonayo. Akionyeshwa sarufi zote mbili bega kwa bega, kisha akasomewa, akasikilizishwa na kuzungumzishwa ile sanifu kwa wingi wa kutosha, ataipata, kama watoto wa Lesotho wanavyozipata ngeli zao. Dawa ya tundu jembamba ni kulipanua.